ARUSI ZETU: KIGEZO CHAKE TUKITAFUTE WAPI?

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Bwana wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Usiku mmoja, baada ya darsa yetu ya Isha, alitujia kijana katika wanafunzi wetu akiwa pamoja na mama yake mzazi. Kijana alikuwa na karatasi mkononi. Akatwambia: "Maalim, nataka kuoa, na posa imekubaliwa. Nimeandika mambo yatakikanayo kwa arusi. Mama aniambia nitazame arusi ya jirani yetu iliyopita Mfungo Sita, nifanye kama ile au niipite kidogo. Wenzangu waniambia nitazame zile picha za arusi ziletwazo katika simu. Nami sijui nitazame wapi."

Tukaipokea ile karatasi tukaisoma. Yalikuwamo mambo 23. La kwanza lilikuwa ukumbi, la pili mapambo ya ukumbi na jukwaa la bibi arusi, la tatu wapiga picha, la nne gari. Yakafuatia mavazi, na sare za jamaa, na kadi za mwaliko, na keki. Mahari ya mke ilikuwa jambo la 19. Ama chakula cha masikini hakikuwamo kabisa.

Hatukumcheka kijana yule wala hatukumkemea, kwani hakuizua karatasi ile kwa kichwa chake. Aliandika yale ayaonayo mjini kwetu kila wiki. Lakini swali lake, "Nitazame wapi?", ni swali jema sana, nasi tuliona si haki jawabu lake liishie barazani. Kwa hivyo tumeliandika somo hili ili wasomaji wetu, wanaume kwa wanawake, walizingatie kabla ya wao pia kushika kalamu na karatasi.

KILA MWENYE KUTENGEZA ARUSI ANA KIGEZO

Jambo la kwanza la kufahamu ni hili: hapana mtu atengezaye arusi pasi na kigezo. Asemaye kuwa yeye hamwigi mtu, huyo amwiga mtu ila hajui. Mwenye kutazama arusi ya jirani amemfanya jirani kuwa imamu wake. Mwenye kutazama picha za simu amewafanya imamu wake watu asiowajua dini yao, wala mali yao, wala hawajui kama ndoa zile zilidumu hata mwaka. Picha humwonyesha maua, haimwonyeshi deni. Humwonyesha bibi arusi alivyocheka saa ile, haimwonyeshi alivyolia mwezi wa tatu wake.

Na Mwenyezi Mungu ametwambia katika Sura ya Al-Ahzab, aya ya 21, kuwa tunacho kigezo chema katika Mtume wake. Hakukihusisha kigezo hicho na swala na saumu tu. Mtume (S.A.W.) alioa, akaozesha, akaalikwa, akaalika, akalisha, akafurahi na akawaacha watu wafurahi. Hadithi zimetuhifadhia hata aina ya chakula kilicholiwa katika arusi zake. Basi yawaje Mwislamu akakitafuta kigezo kwa mgeni, na hali anacho nyumbani kwake?

NDOA YENYEWE YATAKA NINI?

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafi wamezihisabu nguzo za ndoa kuwa ni tano: mume, mke, walii, mashahidi wawili, na tamko la kuozesha na kukubali. Haya yakitimu kwa masharti yake, ndoa imekuwa. Mahari ni wajibu na ni haki ya mke, hata kama hayakutajwa wakati wa kufunga. Walima ni sunna iliyotiliwa mkazo. Juu ya hayo, yatupasa kuiandikisha ndoa kwa msajili anayetambuliwa na serikali, ili mke asipotewe na haki yake wala watoto wasisumbuke siku ya mirathi. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 imezitambua ndoa za Kiislamu na kutaka ziandikishwe.

Zitazame nguzo hizo moja moja, uhisabu gharama zake. Walii hauzwi. Mashahidi hawakodiwi. Tamko ni maneno machache ambayo hata masikini wa mwisho ayaweza. Mwenyezi Mungu ameufanya mlango wa halali kuwa mpana; sisi ndio tuliosimamisha bawabu mlangoni, akawa atoza kiingilio.

Na kabla ya yote hayo kuna jambo lisilokuwa na gharama yoyote, nalo husahauliwa: radhi ya mke. Mtume (S.A.W.) ameamrisha mwanamke aulizwe. Khansa binti Khidham, mwanamke wa Kiansari aliyekuwa amekwisha kuolewa kabla, aliozwa na babake kwa mtu asiyemtaka; akenda kwa Mtume akashitaki, na Mtume akaibatilisha ndoa ile. Basi mwenye kutengeza arusi na aanze hapa. Tumeona watu wamemuuliza binti rangi ya mapazia ya ukumbi mara tatu, na huyo mume hawakumuuliza kama amridhia hata mara moja.

WALIMA ALIZOZIFANYA MTUME (S.A.W.)

Sasa natutazame kigezo chenyewe. Tutataja walima chache zilizothibiti katika Hadithi, kila mmoja na funzo lake.

Wa kwanza ni walima wa Bibi Zaynab binti Jahsh. Anas bin Malik (r.a.), aliyekuwa mtumishi wa Mtume, amesimulia kuwa hakumwona Mtume akifanya kwa mke yeyote walima mkubwa kuliko huu. Na ukubwa wake ulikuwa nini? Ulikuwa kondoo mmoja. Watu walikula mkate na nyama wakashiba. Huu ndio upeo wa karamu ya mbora wa viumbe. Na katika walima huo huo baadhi ya wageni walikaa wakazungumza baada ya kula, wasiondoke, na Mtume akaona haya kuwaambia, mpaka ikateremka aya ya 53 ya Sura ya Al-Ahzab kuwafundisha watu adabu ya kualikwa. Basi mafunzo ya arusi si ya mwenye nyumba peke yake. Mgeni naye ana lake.

Wa pili ni walima wa Bibi Safiyya, mwaka wa 7 wa Hijra, njiani baina ya Khaybar na Madina. Hapo hapakuwa na mkate wala nyama. Palitandikwa ngozi, zikamwagwa tende, na maziwa yaliyokaushwa, na samli. Kila aliyekuwa na kitu alikileta, wakala pamoja. Huo ndio uliokuwa walima wa arusi. Hakungojea mpaka afike mjini apate vitu bora.

Wa tatu ni walima aliomfanyia mmoja katika wakeze kwa mudd mbili za shayiri. Na mudd ni robo ya ile saa ya zaka ya fitri, ambayo sisi watu wa pwani twaiita pishi. Basi hizo mudd mbili ni kama vibaba viwili tu.

Wa nne ni arusi ya Bibi Fatma na Sayyidna Ali (r.a.). Sayyidna Ali hakuwa na mali. Mahari aliyoyatoa yalikuwa deraya yake ya vita. Na vyombo alivyokwenda navyo Bibi Fatma nyumbani kwa mumewe vimetajwa: nguo ya kujifunika, kiriba cha maji, na mto uliojazwa nyasi. Ilipotakikana walima, Saad akatoa kondoo, na Ansari wakamkusanyia pishi kadhaa za mtama. Zingatia hapa, ewe msomaji: watu walichanga, na kuchanga ni jambo jema. Lakini walichanga chakula ili watu wale. Hawakuchanga ili Ali aonekane tajiri kwa usiku mmoja.

Na Abdurrahman bin Auf alipooa mwanamke wa Kiansari, Mtume (S.A.W.) alimwona na alama ya manjano ya manukato ya arusi, akamuuliza, naye akamwambia kuwa ameoa, na mahari ni dhahabu ya uzani wa kokwa ya tende. Mtume akamwombea baraka, kisha akamwamrisha afanye walima japo kwa kondoo mmoja. Katika kisa hiki kuna la ajabu: Mtume hakualikwa katika kuifunga ndoa ile, wala hakukasirika. Nasi leo huvunja udugu wa miaka 30 kwa kadi moja ya mwaliko iliyosahauliwa.

MAHARI YAMEKUWA JAMBO LA 19

Hapa ndipo penye uzito wa somo letu, na twaomba msomaji asipite upesi.

Mwenyezi Mungu amewaamrisha wanaume, katika aya ya 4 ya Sura An-Nisaa, wawape wanawake mahari yao kwa moyo radhi. Mwenye kupewa ni mke. Si baba, si mjomba, si wapambaji wala mwenye ukumbi. Bibi Aisha (r.a.) amesema kuwa mahari ya wakeze Mtume yalikuwa wakia 12 na nusu, nazo ni dirham 500, kwa mizani ya leo ni karibu na kilo moja na nusu ya fedha. Na Sahl bin Saad amesimulia habari ya mtu aliyetaka kuoa na hana hata pete ya chuma, Mtume akamwoza kwa zile sura za Qur'ani alizozihifadhi. Yote mawili ni kigezo: mwenye nacho atoe kwa kadiri yake, na asiye nacho asifungiwe mlango.

Sayyidna Umar (r.a.) aliwakataza watu kuzidisha mahari kwa kiburi, akaeleza kuwa lau jambo hilo lingekuwa utukufu, Mtume angekuwa wa kwanza kulifanya. Tena akataja siri iliyo ndani yake: mume akitwikwa mzigo mzito kwa ajili ya mke, mzigo ule hugeuka uadui moyoni mwake. Sheria haikuweka mpaka wa juu wa mahari, na aya ya 20 ya Sura An-Nisaa yaonyesha kuwa mume aliyetoa mali nyingi haruhusiwi kuichukua tena. Lakini kuruhusiwa jambo si kuamrishwa.

Haya basi, sisi twafanyaje? Katika miji yetu mahari hutajwa mbele ya mashahidi, kisha mara nyingi huachwa kuwa deni shingoni mwa mume. Mwenye ukumbi hulipwa kabla ya siku. Mpiga picha hulipwa nusu kabla na nusu siku ile ile. Mwenye gari hatii ufunguo mpaka ashike fedha. Mke peke yake ndiye huambiwa angoje. Wengine wamengojea miaka 20, wengine wamekufa wakingojea, na wengine mahari yao hayakutajwa tena ila siku ya talaka mbele ya Kadhi. Tumewalipa wote wasioamrishwa na Mwenyezi Mungu walipwe, tukamnyima yule mmoja ambaye haki yake imeandikwa katika Kitabu. Je, arusi ya namna hii, iliyoanza kwa kumdhulumu bibi arusi, ni heshima kwa bibi arusi?

Nasi hatusemi haya kama watu waliosalimika. Miaka mitatu iliyopita tulimwoza binti yetu wa kwanza. Haya yote tulikuwa twayajua, na tumeyasomesha mara nyingi. Siku ilipokaribia, jamaa wakataka hili, jirani wakataka lile, nasi tukanyamaza kwa kuchelea kuambiwa kuwa sheikh ni bahili kwa mwanawe. Tulikopa mchele, nyama na nguo, na deni lile tulililipa kwa miezi 14. Na muda wote huo kila tulipokaribia duka la mdeni wetu tulibadili njia. Ama mkwe wetu, mahari hakuyatimiza mpaka mwaka wa pili, nasi hatukuwa na uso wa kumhimiza, kwani sisi ndio tuliomtwika gharama nyingine. Haki ya mtoto wetu tuliipoteza kwa ulimi wetu uliokaa kimya. Twaomba msamaha kwa Mwenyezi Mungu, na tumekwisha kuuomba kwa binti yetu.

HOJA ZISEMWAZO NA MAJIBU YAKE

Hoja ya kwanza: "Watu watasema nini?" Jawabu: watasema. Ukifanya kubwa watasema umejionyesha, na ukifanya ndogo watasema umejinyima. Maneno ya watu hayanunuliki kwa pilau. Usiku wa arusi watakula, na asubuhi yake watahisabu vipande vya nyama vilivyopungua. Basi kwa kuwa lazima watasema, heri waseme nawe huna deni.

Hoja ya pili: "Hizi ni mila za wazee wetu." Jawabu: mila si zote mbaya, nasi si katika wale watakao kuing'oa kila ada ya pwani. Hina, singo, udi na asumini, somo wa kumfundisha binti mambo ya nyumba, jirani kuja kusonga na kupika pamoja, haya hayapingani na Sheria maadamu hayakuchanganywa na haramu. Lakini mashindano nayo yana historia yake. Mombasa katika miaka ya 1930 na 1940 vyama vya lelemama vya wanawake, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vilishindana kwa ngoma na karamu. Vyama vile vilikuwa na wema wake, kwani wanawake walisaidiana katika arusi na matanga. Lakini mashindano yalikula mali. Katika zama hizo hizo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyetoa *Sahifa* mwaka 1930 na *Al-Islah* mwaka 1932 na akafariki mwaka 1947, aliwahimiza Waislamu wa pwani watengeze hali zao na waelekeze mali yao katika elimu. Basi ada ya kusaidiana tuishike. Ada ya kushindana tuiache ipite na watu wake.

Na katika mila za kuachwa ni kutazamia nyota na kuogopa miezi. Wako wasiooza Mfungo Tano kwa kuhofia nuhusi. Waarabu wa Jahiliya walikuwa wakiuogopa Mfungo Mosi, na Bibi Aisha (r.a.) akasema kuwa yeye aliolewa katika mwezi huo huo, wala hapakuwa na mke aliyependwa na Mtume kuliko yeye. Siku zote ni za Mwenyezi Mungu. Chagua siku iwafaayo jamaa.

Hoja ya tatu: "Mimi nina uwezo, sikopi kwa mtu." Jawabu: kutumia mali katika halali hakukukatazwa, na Sura ya Al-Furqan, aya ya 67, imewasifu wanaokaa katikati, wasiofuja wala wasiokuwa wachoyo. Lakini tajiri akumbuke kuwa arusi yake ni kipimo anachowakatia wasio nacho. Kila apandishapo ngazi moja, vijana 10 nyuma yake huahirisha ndoa. Na kijana aliyeahirisha halali miaka mitano, haramu haikumwahirisha yeye. Tajiri atakaye thawabu na alipe mahari ya kijana masikini. Hilo litamng'arishia arusi kuliko taa za ukumbi.

Hoja ya nne tuliisikia kwa yule mama wa kijana, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Alituambia kwa adabu: "Maalim, nyinyi wanaume muna msikiti, muna mabaraza, muna safari. Sisi wanawake furaha yetu ni arusi. Mukituondolea hii, mwatuachia nini?"

Tulinyamaza kidogo, kwani neno lake lina haki ndani yake. Kisha tukamjibu: "Mama, hatukuja kukuondolea furaha. Furaha ni sunna." Bibi Aisha alipompeleka bibi arusi kwa mume wa Kiansari, Mtume (S.A.W.) aliuliza kama hawakuchukua kitu cha kufurahisha, kwa kuwa Ansari hupenda furaha. Na Rubayyi binti Muawwidh amesimulia kuwa Mtume alimwingilia asubuhi ya arusi yake, na vijana wa kike wapiga dufu wakiwaimba wazee wao waliouawa Badri. Mmoja wao alipotia neno la kumsifu Mtume kuwa ajua ya kesho, alimwambia aliache neno hilo na aendelee na yale aliyokuwa akiyaimba. Tazama vizuri: alilizuia neno lililokosa, hakuizuia furaha. Basi wanawake na wakutane, wapige dufu, waimbe maneno mema, wajipambe wao kwa wao. Tunalolikataa ni wanaume kuchanganyika nao, na maneno machafu, na vipaza sauti vya usiku wa manane penye wagonjwa na watoto wa shule, na simu zipigazo picha za bibi arusi na mabibi wengine zikaonwa kesho na kila mpita njia. Wako watu wa mji wetu waliokwisha kuanza ada njema ya kuziweka simu mlangoni. Na ada hii ienee.

MPANGO WA ARUSI KWA KIGEZO HICHO

Atakaye kutenda, na aandike karatasi yake kwa utaratibu huu:

1. Radhi ya mke na mume, na walii aliye mwenye haki. Hapana kununua kitu kabla ya hapo.

2. Mahari. Yatengwe fedha taslimu, akabidhiwe mke siku ya ndoa, mbele ya mashahidi. Yakiwa mengi mno hata hayalipiki siku hiyo, basi yapunguzwe kwa radhi ya mke mpaka yalipike. Na yakibaki, yaandikwe na muda wake.

3. Makao. Kodi ya nyumba na vyombo vya lazima, kwani mke hatalala ukumbini.

4. Ndoa msikitini, kwa tende na kahawa au halwa, na kuiandikisha.

5. Walima. Kilo moja ya mchele hutosha watu 8 mpaka 10. Basi kilo 10 za mchele na mbuzi mmoja wa kiasi zatosha pilau ya watu 80 au zaidi. Waalikwe jamaa na jirani, na masikini wa mtaa wawe katika wa kwanza, si wa kupewa makombo nyuma ya nyumba. Hadithi yatueleza kuwa chakula kiovu kabisa ni cha walima walioalikwa matajiri wakaachwa masikini. Na wanazuoni wa madhehebu yetu, ijapokuwa wameona kuitika mwaliko wa walima ni wajibu, wameweka sharti kuwa mwenye karamu asiwateue matajiri peke yao.

6. Furaha ya wanawake nyumbani au uwandani, kwa dufu, kwa stara, na kwa wakati ujulikanao mwisho wake.

7. Lililobaki, kama lipo, ni katika mambo mema ya ziada, kwa fedha iliyopo mkononi. Lisilonunulika ila kwa mkopo, liachwe.

Ukiyatazama mambo haya saba, utaona kuwa hayakuharamisha kitu alichokihalalisha Mwenyezi Mungu. Yameyapanga tu, kila moja mahali pake.

Wiki mbili baadaye kijana yule alirudi peke yake. Karatasi ilikuwa mpya, na mwandiko wa juu haukuwa wake. Ulikuwa wa mama yake. Jambo la kwanza lilikuwa mahari, na pembeni pameandikwa: "Taslimu." Ukumbi ulikuwa umekatwa, na mahali pake pameandikwa uwanda wa nyumba ya mjomba. Keki ilikuwa bado imo. Kijana akatutazama, nasi tukatazamana naye, kisha tukamwambia: "Mwanangu, keki mwachie mama." Arusi imewekwa Mfungo Mosi, inshallah, na mbuzi amekwisha kununuliwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu, aliyetaja katika Sura Ar-Rum, aya ya 21, kuwa ametia baina ya mume na mke mapenzi na huruma, awajaalie vijana wetu wapate hayo katika nyumba zao, awafungulie mlango wa halali, na atusamehe sisi wazee kwa yale tuliyowafungia. Amin.

MASWALI YA KUDURUSU

Msomaji na ajijibu haya pamoja na watu wa nyumbani kwake kabla ya darsa ijayo:

1. Zitaje nguzo tano za ndoa. Ipi katika hizo yahitaji kukopa?

2. Katika walima zilizotajwa, upi ulio karibu na uwezo wako wa leo?

3. Ewe mume: mahari ya mkeo umeyatimiza? Kama bado, yaliyobaki ni kiasi gani, na wangoja nini?

4. Ewe mzazi: ni jambo gani moja utakaloliondoa katika arusi ijayo ya nyumbani kwako, ili mwingine mtaani aweze kuoa?

Wa billahi ttawfiq.